Karatasi ya Tisa

Wachapaji wa Kyoto wanachapa picha kama mama anayempaka mtoto poda. Nimelisema hili miaka thelathini. Nimelisema kwenye pombe, nimelisema msibani, na mbele ya watu wa Kyoto wenyewe nimelisema pia, wakanicheka kwa ile adabu yao ya kuficha meno. Mimi ni mchapaji wa Tokyo, mtaa wa Shitaya, jina langu Tomegoro. Nikiweka weusi kwenye karatasi, weusi unakaa. Hapa mtaani ulikuwa na jina kabisa: weusi wa Tome. Nawaambieni mapema ili mjue mnasikiliza mtu wa namna gani, maana mke wangu Shino anasema nikisimulia habari hii huwa najipendelea.

Kazi yetu inakwenda hivi. Msanii anachora, mchongaji anachonga mbao, mchapaji anachapa, halafu tajiri mwenye duka la picha anaweka jina lake mbele ya wote na kwenda kula samaki mkunga wa kuchoma. Mchongaji wangu alikuwa Genshichi. Tulifanya kazi pamoja miaka ishirini na sita. Anakaa uchochoro wa pili nyuma ya kwetu, na alikuwa akiingia kwangu kupitia mlango wa jikoni, anafunua chungu cha figili za chumvi, anakula, ndiyo kwanza anasalimu. Shino akimwita shemeji. Mimi nikimwita mzee, ingawa tumepishana miezi minne tu, na yeye ndiye mdogo.

Kitu alichokijua Genshichi kuliko mtu yeyote Tokyo ni nywele. Ukitazama picha ya mwanamke, pale panapo paji la uso, nywele zinapoanzia, kila unywele ni mstari ulioachwa umesimama juu ya ubao wa mcheri, na mbao imeondolewa huku na huku kwa ncha ya kisu. Genshichi aliweza kusimamisha nywele tatu kwenye upana wa punje ya mchele. Akichonga hapo alikuwa hapumui. Mara moja niliingia bila kubisha wakati yuko kwenye nywele, akanirushia patasi ikakita kwenye nguzo.

Basi, lilipokuja lile tetemeko kubwa, moto ulichoma ghala la tajiri wetu, Bwana Mikuriya, pamoja na mbao zote za Genshichi. Miaka kumi na tisa ya nywele iliteketea mchana mmoja. Mimi nilipoteza brashi na chombo kimoja cha wino, nikalia kwa sauti. Genshichi hakulia. Alikwenda kuchambuachambua majivu kwa kijiti, akarudi, akaomba chai. Nikasema moyoni, huyu ana moyo wa chuma. Ndivyo nilivyokuwa nikiwasoma watu.

Mwaka wa saba baada ya tetemeko Bwana Mikuriya alituita wote wawili. Alikuwa na mchoro mpya: mwanamke ametoka kuoga, amekaa dirishani, anakausha nywele kwa taulo. Nywele tupu, kuanzia juu hadi kiunoni.

"Nachapa karatasi mia moja tu," Bwana Mikuriya akasema. "Nimewapa wanunuzi neno langu. Ikitoka ya mia, mbao zinapigwa randa mbele ya macho yangu, hata mstari mmoja usibaki. Na majina yenu nyote wawili yatachongwa pembezoni mwa picha. Mchongaji fulani, mchapaji fulani."

Miaka ishirini na mitano, na jina langu halijawahi kukaa kwenye karatasi hata moja niliyoichapa. Nilipomwambia Shino, alikwenda kuvaa kimono chake cha harusi za watu, akakaa nacho hadi chakula cha jioni.

Genshichi alichonga ubao wa mistari myeusi miezi miwili. Uliponifikia niliutazama nikatikisa kichwa kwa kustaajabu. Sasa, ili mchongaji aweze kuchonga mbao za rangi, mchapaji lazima kwanza amchapie ile mistari myeusi kwenye karatasi nyembamba, karatasi moja kwa kila rangi. Mchongaji anazibandika kifudifudi juu ya mbao mpya na kuchonga kwa kufuata mistari. Karatasi inakufa katika kuchongwa. Picha yetu ilikuwa na rangi nane, nikamchapia karatasi nane.

Genshichi alizihesabu, akasema, "Niongezee moja. Zifike tisa."

"Ya tisa ya nini?"

"Moja ikinichanikia je?"

"Tangu lini wewe ukachana karatasi, mzee?"

"Tangu macho yangu yaanze kunikimbia. Unanipa au nikamwombe mkeo anichapie?"

Nikacheka, nikampa ya tisa. Nilimchapia vizuri hata kuliko zile nane, maana nilijua anapenda kitu safi. Kumbukeni ni mimi niliyempa, kwa mkono wangu huu.

Kuchapa kulinichukua siku kumi na nane. Jioni nalowesha karatasi kwa brashi pana, nazilaza moja kavu moja mbichi ili zigawane maji. Alfajiri nakaa chini, miguu nimeikunja, ubao mbele yangu umeinamia upande wa pili. Natia wino na kijiko cha uji wa mchele, nasambaza kwa brashi, naweka karatasi kwenye alama zake mbili za pembeni, kisha nashika bareni, kile kisugulio cha mviringo kilichofungwa kwa ganda la mwanzi, nasugua kwa uzito wa mwili wote hadi bega liniwake. Kwenye nywele nilisugua mara mbili. Nilitaka weusi ambao mtu akiuona atataka kuugusa.

Genshichi alikuja siku ya kwanza ya kuchapa weusi. Aliinua karatasi moja, akaipeleka karibu na pua, akakaa nayo muda mrefu.

"Eh? Unasemaje?" nikamwuliza.

"Nyeusi sana," akasema.

"Ndiyo maana yake."

Akairudisha kwenye rundo, akaenda jikoni kwenye figili. Mimi nililichukulia kuwa sifa.

Siku ya randa, Bwana Mikuriya alikuja na karani wake, Nezu, kijana mkavu mwenye miwani. Ilikuwa kazi ya Genshichi kupiga randa, lakini alinisogezea ile randa akasema mkono unamuuma. Nikaichukua. Nilikuwa na furaha, nimeshakunywa vikombe viwili, jina langu liko kwenye karatasi mia moja. Nikaanzia pale pale kwenye nywele. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake," nikasema, "za mzee Genshichi ndiyo hizo zinakwenda na randa." Watu wakacheka. Takataka za mbao zikajikunja zikaanguka kwenye mkeka, na Genshichi akaziokota moja moja akazitia mfukoni mwa kimono. Nilidhani anafanya usafi.

Ukapita mwaka na miezi minne. Katikati ya msimu wa mvua Nezu alikuja kwangu, hata kiatu hakuvua. "Bwana anakuita. Njoo sasa hivi."

Dukani, juu ya meza ya Bwana Mikuriya, palikuwa na karatasi mbili za yule mwanamke wa dirishani. Moja ilikuwa na mhuri mwekundu wa duka kwa nyuma, kama zote mia. Ya pili haikuwa na mhuri.

"Hii ya pili mteja wangu kaikuta mjini Kobe," Bwana Mikuriya akasema. Hakunikaribisha kukaa. "Ameniandikia kuniuliza mia yangu ina karatasi ngapi. Tomegoro, mbao niliziona zikipigwa randa kwa macho yangu. Kwa hiyo hii ilichapwa kabla. Na kabla, mbao zilikuwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Na pembeni pameandikwa mchapaji nani?"

"Mimi."

"Nimekuweka miaka ishirini na sita. Nataka unijibu wewe mwenyewe."

Niliinama nikaitazama. Niliweka kidole gumba kwenye alama ya kona na kidole kidogo kwenye alama ya pili, kama nilivyofanya kila asubuhi siku kumi na nane. Shubiri yangu ilipita alama kwa unene wa punje moja ya mchele. Picha hii ilikuwa ndogo. Karatasi inayochapwa mbichi, ikikauka, hunywea kidogo. Ukiibandika kwenye ubao mpya na kuichonga, picha inazaliwa ndogo kuliko mama yake. Hizi hazikuwa mbao nilizozipiga randa. Zilikuwa mbao nyingine, zilizochongwa upya kwa kufuata karatasi niliyoichapa mimi mwenyewe. Karatasi ya tisa.

Kulikuwa na jambo lingine nililoliona pale, kwenye nywele, lakini nilijiambia ni mwanga wa dirisha la Bwana tu.

"Nipe hadi kesho kutwa," nikasema.

"Kuna nini cha kungoja? Ni ndiyo au siyo."

"Kwa ile miaka ishirini na sita, Bwana."

Akakubali. Aliniambia wazi kwamba kama ni mimi, hapana tajiri wa picha Tokyo nzima atakayenipa ubao tena, na kwamba barua za kuwaambia ataziandika mwenyewe.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Genshichi, nimelowa mvua hadi mgongoni. Alikuwa amekaa mbele ya dirisha lake, bakuli lake la kioo analolijaza maji kukuza mwanga liko pembeni, kavu. Hakuwa anachonga chochote.

"Karatasi ya tisa iko wapi?" nikamwuliza.

Alinitazama, au tuseme alitazama pale sauti yangu ilipotoka. "Imefika Tokyo?"

Hata hakukana. Ningepewa uwongo ningeushika nikampigia nao. "Wewe mtu," nikasema, "umekula jikoni kwangu miaka ishirini na sita. Mke wangu anakupikia ukiumwa. Jina langu lilikaa kwenye karatasi mara moja tu katika maisha yangu, mara moja, nawe umelipeleka Kobe likauzwe kama la mwizi. Nimekukosea nini?"

"Mimi sikuuza. Nilimpa mtu zile mbao, akachapa karatasi tano. Moja ameiuza, kumbe. Aliniahidi hatauza."

"Basi na wewe umeonja kusalitiwa. Kwa nini?"

"Mbao zangu zote ziliungua, Tome. Zote. Nikabakiwa na macho ya kuchonga ubao mmoja wa nywele, wa mwisho, nami nilijua ni wa mwisho, halafu tajiri anasema upigwe randa. Nikasema sawa, ni mali yake. Lakini lazima nichonge mwingine niubakize. Nilichonga asubuhi tu, jua likiwa kali. Mwaka mzima."

Hapo, kwa kweli, hasira ilianza kunipungua. Nilikumbuka zile takataka za mbao mfukoni mwake, na mimi na mzaha wangu. Nilikuwa karibu kukaa chini. Halafu nikauliza swali ambalo hadi leo najuta kuliuliza.

"Ungeniambia mimi. Ningekuchapia kwa siri, karatasi moja, ukae nayo hadi ufe. Umempa nani?"

"Funaki."

"Funaki gani?"

"Wa Kyoto."

"Umempelekea mpakaji poda?"

"Tome."

"Kazi ya nywele, ya mwisho ya macho yako, umepanda nayo treni hadi Kyoto ukampa mpakaji poda, na mimi niko hapa, uchochoro wa pili. Kwa nini?"

"Usinilazimishe kusema."

"Sema."

"Unazizamisha," akasema.

Sikuelewa. Akaendelea, taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. "Weusi wako unazizamisha nywele zangu. Tangu mwanzo. Unatia wino mwingi, unasugua kwa nguvu, ule upenyo kati ya unywele na unywele unajaa. Nachonga tatu, wewe unachapa moja nene. Miaka yote hiyo nimekuwa nikichonga nywele ambazo hakuna mtu aliyeziona. Nilitaka nizione mara moja, zimechapwa na mkono mwepesi, kabla macho hayajazimika. Na nimeziona, Tome. Zote ziko."

"Miaka ishirini na sita hukusema."

"Ungenisikia? Kila nikifungua mdomo unaniambia habari za Kyoto. Nyani haoni kundule, ndugu yangu. Na nilikuwa nakupenda. Mtu mnayekula naye figili utamwambiaje kwamba kazi yake inaua yako?"

"Na jina langu? Kwa nini ulichonga jina langu kwenye ubao wa Funaki?"

"Lilikuwepo kwenye karatasi yako. Nilifika hapo na kisu nikashindwa kulitoa."

Nilitoka. Nilisahau viatu, nikarudi nyumbani na soksi kwenye matope, na Shino alipouliza nikamfokea, jambo ambalo huwa silifanyi. Afadhali angeniibia. Mwizi anakuona una kitu. Huyu alikaa nami miaka yote akila na kucheka, akinihesabu kuwa balaa la kazi yake, na mimi nikimsifu kwa watu kwamba tunaelewana bila kusema.

Kesho yake sikufanya kazi. Nilitoa karatasi moja niliyopewa na Bwana katika ile mia, nikaiweka sakafuni penye mwanga, nikapiga magoti. Nilitazama paji la uso la yule mwanamke. Nilitafuta nywele tatu mahali palipo nywele tatu. Nikazitafuta hadi Shino akaniita mara mbili kula. Siwaambii nilichokiona. Nilikula wali na chai tu, nikalala mchana, kitu ambacho hakijawahi kunitokea.

Ile kesho kutwa niliyoiomba ilipofika, nilivaa nguo safi nikaenda dukani. Karatasi mbili zilikuwa pale pale mezani, na safari hii pembeni yake Nezu ameweka rula.

Bwana Mikuriya alikuwa amebadilika sauti. Alinikaribisha kukaa. "Tomegoro, Nezu ameipima hii ya Kobe. Anasema ni ndogo kidogo. Mimi siijui kazi yenu kwa ndani, lakini nimeambiwa kuna namna ya kuchonga upya. Kama kuna mtu amechonga upya, basi si wewe, na nitakuomba radhi mbele ya wote. Niambie tu. Hii ni kazi ya mkono wako au siyo?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Neno moja tu, na jina langu linarudi safi, na Genshichi anakwenda na maji, kama alivyostahili. Nilifungua mdomo niseme siyo.

Lakini Bwana Mikuriya, maskini, alikuwa bado anaitazama ile karatasi. "Maana naona ajabu," akasema. "Hii ni nzuri kuliko zangu zote mia. Tazama nywele hizi, Nezu. Unaweza kuzihesabu. Nimekaa usiku nikijiuliza: kama ni Tome, kwa nini hii moja tu ameichapa hivi, na zangu je? Na kama si Tome, basi ni nani Japani hii anayemzidi?"

Wote wawili walinitazama wakingoja.

"Ni yangu," nikasema.

"Imekuwaje ndogo?"

"Karatasi hunywea, Bwana. Iliachwa ikakauka vibaya."

"Umeichapa wewe?"

"Mimi. Ilitoka vizuri mno nikashindwa kuitoa. Mtu hapati karatasi kama hiyo mara mbili."

Nezu alichukua rula yake akaitia mfukoni. Bwana Mikuriya hakunifokea. Alisema kwamba barua zitatoka siku hiyo hiyo, na kwamba anasikitika, kwa sababu hakujua kama mkono wangu ungeweza kufika hapo. Zilitoka kweli. Tangu siku hiyo sijapewa ubao wa picha. Nachapa karatasi za kufungia keki za maharage za duka lililo kona ya barabara ya tramu, rangi mbili, nyekundu na kijani, na Shino anashona nguo za watu.

Genshichi alikuja wiki ile ile, kupitia mlango wa mbele kama mgeni. Alipiga magoti pale barazani, paji la uso sakafuni. "Umenifichia siri," akasema. "Umejichoma kwa ajili yangu, nami nimekufanyia vile. Sijui nitakulipa nini."

"Sikukufichia wewe," nikamwambia.

"Najua hutaki shukrani."

"Genshichi, nisikilize vizuri. Sikukufichia wewe."

Hakuelewa. Alilia, akaondoka akipapasa ukuta, na Shino alinilaumu wiki nzima kwamba sikumpa hata chai mtu aliyekuja kunishukuru. Mtaa mzima unasema Tome alimkinga rafiki yake. Niwaache waseme.

Ile karatasi ya Kobe sasa ina sifa. Wakati mwingine wanakuja wakusanyaji wa picha, watu wa heshima na miamvuli yao, wananikuta kwenye keki zangu za maharage, wananiinamia. Wanasema wameziona zile mia, ni nzito, lakini ile moja haina mfano. Wananiuliza siku ile niliushikaje mkono.

Nawaambia niliulegeza.